Fulana ya Chini ya Kasha

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Muuzaji mwenyewe alichagua fulana ya kuzuia risasi ya kufanyiwa jaribio, ikapigwa, ikashinda, watu wakanywa soda. Sheria mpya ikaharibu starehe hiyo: sasa achague mkaguzi wa serikali. Na leo mkaguzi alikuwa mwanamke aliyetoka nyumbani bila kula, kwa woga.

Kasha lilifunguliwa kwenye uwanja wa shabaha. Kanali wa manunuzi, kwa ukarimu mwingi, akamwonyesha fulana ya juu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mama wa watu akainama, akachomoa ya chini kabisa. Hakuna aliyemsaidia.

Mlenga shabaha akafyatua mara moja. Risasi iliingia kifuani ikatokea mgongoni. Mkaguzi akapitisha kidole kwenye tundu, akakichomoa haraka. Mdogo wake wa mwisho alikuwa askari, na kesho kikosi chake kilikuwa kinakwenda mpakani na fulana hizo hizo.

Kanali hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha mkaguzi zaidi.

"Mama, funika kombe mwanaharamu apite. Nyingine zinazuia."

"Ngapi?"

"Sasa hilo nani anajua?" Akasogea karibu. "Ukizikataa, hatuna nyingine. Vijana wataondoka vifua wazi. Na mdogo wako yumo, si ndiyo?"

Hakuwahi kumtajia mtu yeyote pale habari za mdogo wake. Lakini alijua kitu kimoja: anayeamini kifua chake kimekingwa huinuka pale ambapo mwenzake angelala chini. Akaukataa mzigo wote, akatia saini.

Jioni mdogo wake akapiga simu.

"Dada, tunaondoka hivi hivi. Wanasema fulana zimezuiwa na mtu mmoja wa ofisi yenu. Wenzangu wanavyomlaani, acha tu. Unamjua?"

Uongo ulimfika mdomoni, akaumeza.

"Ni mimi. Zinatoboka, nimeingiza kidole changu mwenyewe. Ukifika huko ulale chini, unanisikia? Usijifanye shujaa."

Nyuma ya mdogo wake askari walisikika wakicheka na kuburuza mizigo.

"Nimekusikia, dada," akasema taratibu. "Ila mama usimwambie kwamba ni wewe."