Malkia wa Bure

Mwalimu Sifaeli alifundisha jiografia siku tano za wiki, na Jumamosi akatufundisha chesi sisi ambao hatukumwomba. Klabu yetu hukutana kwenye ukumbi wa usharika, Lemara, kwaya ikishamaliza mazoezi. Mwenyekiti ni Mchungaji Stanley, mtu mpole sana mpaka umle farasi wake.

Sifaeli alikuwa amesoma mikakati yote kwenye simu. Alijua kwa nini ushike katikati ya ubao, na kwa nini askofu aliyezibwa na askari wake mwenyewe hana faida. Hilo la askofu alilisema kwa sauti hata mchungaji akiwepo. Aliyaeleza yote huku akicheza, na huku akifungwa, hasa na Mama Irine, mkulima wa kahawa na ndizi kutoka Maji ya Chai.

"Mama Irine, upande wako wa kushoto ni dhaifu," alimwambia Jumamosi moja. "Hatua ishirini zijazo utanikumbuka."

"Sawa, Mwalimu. Cheki."

Farasi wake alikuwa amesimama pale anapowatisha mfalme na malkia kwa mpigo mmoja. Mfalme akakimbia, malkia akaliwa. Hatua ishirini hazikufika.

"Kumi na moja mfululizo!" akatangaza Aristides, wakala wa bima, ambaye hakuna aliyemtuma kuhesabu.

Wiki hiyo Sifaeli alimeza kiburi, akapanda hadi kwa Mama Irine. Alimkuta jikoni anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunieleza upande wangu wa kushoto?"

"Nimekuja kujifunza."

Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akampa mgeni kisu kingine.

"Kabla hujagusa kete, funga mdomo. Jiulize mwenzako ametoka kufanya nini. Halafu tazama nani hana mlinzi, na mfalme gani anaweza kupigwa cheki. Mipango yako ni mizuri, Mwalimu, ila unapanga shamba wakati ng'ombe wa jirani yuko ndani anakula."

Akampangia mafumbo ubaoni, moja baada ya jingine. Kila alipokosea, alimenya ndizi tano. Familia ile ilikula ndizi siku tatu, na Sifaeli akaingia darasani Jumatatu na vidole vyeusi kwa utomvu.

Fainali ya klabu ikamkutanisha na Mchungaji Stanley, ambaye alikuwa amemtoa Mama Irine kwa kumchosha kwa saa tatu. Sifaeli alicheza kimya. Aristides alimuuliza kama anaumwa.

Mchungaji alikuwa mbele kwa askari wawili na alishaanza kuimba pambio chini chini. Sifaeli akanyoosha mkono kusogeza askari, kama mpango wake ulivyotaka, kisha akaurudisha. Akatazama upya. Mfalme wa mchungaji alikuwa amejificha pembeni, nyuma ya askari watatu ambao hawajawahi kusogea. Mstari wa nyuma ulilindwa na ngome moja tu.

Akamchukua malkia wake, akamweka pale ambapo ngome ile ingeweza kumla.

"Mwalimu," mchungaji alisema kwa huruma, "una hakika?"

"Nimeshaachia kete, Mchungaji."

"Basi Bwana ametoa." Ngome ikaondoka mstari wa nyuma, ikamla malkia.

Sifaeli akateremsha ngome yake mpaka mwisho wa ubao. "Chekimeti."

Mchungaji akatafuta njia. Mbele ya mfalme walisimama askari wake mwenyewe, watatu, wanene, wamekaa kama wazee wa kanisa. Hapo akatamka neno la Kimeru ambalo sitaliandika, maana mama yangu anasoma. Ukumbi mzima ukalipuka. Mama Irine alimkumbatia Sifaeli, akaanza kumweleza askari wale wawili aliwapoteza kizembe namna gani.

Jumapili yake, mahubiri yalihusu watu wanaofurahia anguko la wenzao. Yalichukua dakika hamsini, na macho ya mchungaji hayakuondoka benchi la tatu. Sifaeli aliitikia "Amina!" kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka mkewe akamfinya paja.