Rangi ya Midomo ya Dada

"Dada, simama. Midomo yako imegeuka rangi."

Dada akasimama pale pale, mguu mmoja juu ya jiwe, mwingine kwenye changarawe, kiganja kifuani. Ukingo wa mlima ulikuwa juu yao tu, na nyuma ya ukingo huo ndiko lilikokuwa ziwa la juu, lile alilokuwa akiliota tangu akiwa kitandani hospitalini. Ziwa la chini walishalipita, la kati wameliacha asubuhi, hema likiwa limesimama kando ya maji. Lilibaki hilo moja.

"Rangi gani?" akauliza.

"Buluu," akasema mdogo wake. "Buluu kabisa."

Uongo mtupu! Midomo ya dada ilikuwa kama siku zote, mikavu kidogo kwa upepo, basi. Aliyekuwa taabani ni huyo mdogo wake mwenyewe, fundi wa lifti, mwanaume wa kifua kipana aliyewatambia wote kwamba mlima huu ataupanda akipiga mluzi. Tangu waondoke ziwa la kati kichwa kilikuwa kikimgonga, tumbo linamchafuka, na kila akivuta pumzi anaona haimtoshi. Angeweza kusema. Maneno yenyewe mepesi: jamani, nimeshindwa. Lakini mbele yake alikuwepo dada aliyepasuliwa moyo mwaka uliopita, anapanda polepole bila kulalamika, na nyuma yake shemeji, kinyozi, mwembamba kama ufito, anapiga soga kama yuko dukani kwake. Ulimi ukakataa kumtaja mwenyewe. Ukamtaja dada.

Shemeji akawafikia, akamshika mkewe kidevu, akamgeuza huku na huku kama mteja kitini.

"Mbona mimi sioni kitu?"

"Umefika sasa hivi tu, shemeji, utaona nini? Mimi namwangalia tangu kule chini."

"Kinyozi mzima, na kioo sikubeba," shemeji akasema. Alitaka kutania, mzaha ukamfia mdomoni.

Dada hakubisha. Hilo lilimshangaza fundi, maana dada yake hubishana hata na redio. Alimtazama mdogo wake machoni, akautazama ukingo, kisha akashusha kiganja.

"Haya. Turudi."

Na mwili nao hauna haya. Kadiri walivyoshuka, fundi alizidi kupata nafuu. Kichwa kikalegea, pumzi zikarudi, na walipoyaona tena maji ya ziwa la kati alikuwa ameshikwa na njaa ya kweli. Dada ndiye aliyekuwa akichakaa. Yule aliyepanda kwa hatua za uhakika sasa alishuka akilishika kila jiwe, akisimama kujisikiliza, akimwomba mumewe ampokee mkoba.

Hemani, shemeji alimvuta kando akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante, shemeji. Mimi ningempeleka mpaka juu kwa ujinga wangu, halafu mama yenu ningemwambia nini?" Macho yalikuwa yamemlengalenga. Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. Akachukua vikombe, akasema anakwenda kuvisuuza.

Maji yalikuwa baridi ya kukata vidole, na ufuoni pale sauti za watu wa hemani zilimfikia zote.

"Nikirudi kazini nitaomba wanipeleke mapokezi," dada alikuwa akisema.

"Mapokezi? Wewe mkunga, ukae unaelekeza watu choo kiko wapi?"

"Mkunga akianguka katikati ya zamu, mama na mtoto wako hatarini. Nilisema mlima ndio utakaoniambia kama nimepona. Umeshaniambia."

"Mke wangu, daktari amesema..."

"Daktari hakuwepo pale juu."

Fundi akasuuza kikombe kilichokuwa safi. Akajiambia atamweleza wakifika nyumbani, wakishakula, wakishapumzika, na hapo hapo akajua kwamba akifika nyumbani hatasema kamwe. Ataishi akimwona dada yake anazeeka nyuma ya meza ya mapokezi, yeye anakula kwake kila mwisho wa wiki na kuitwa mwokozi. Akainuka.

"Dada. Midomo yako haikuwa na kitu."

Wote wawili wakamtazama.

"Nilikuwa mimi. Kichwa kilikuwa kinapasuka, siwezi tena kupanda. Nikaona aibu kusema."

"Wee!" Shemeji alibaki na kifuniko cha sufuria mkononi. "Unasema nini wewe?"

Dada akafuta mikono kwenye suruali, akamjia. Fundi alijua anakuja kumzaba kofi, na alilitaka kofi hilo kwa moyo wake wote. Dada akamvuta ukope wa chini kwa kidole gumba.

"Kiliuma wapi? Mbele au kisogoni?"

"Dada..."

"Ulitapika? Unaona vizuri? Hebu tembea mpaka kwenye jiwe lile, unyooke."

Akatembea kama mlevi anayepimwa, shemeji akimwangalia. Akarudi.

"Uko salama. Usipande tena. Kunywa maji." Ilikuwa sauti yake ya kazini, ile anayowasemesha watu asiowajua.

"Nisamehe, dada."

"Mume wangu aliniambia haoni kitu, sikumwamini. Yeye kila siku ananivisha kilemba cha ukoka." Shemeji akainamisha kichwa. "Daktari ningembishia. Lakini wewe, nilipoogopa kukitazama kidonda changu, nilikuomba unitazamie, na wote walikuwa wakisema kizuri. Wewe ukasema, dada, ni kibaya, bado hakijafunga. Tangu siku ile neno lako silipimi. Ulilijua hilo?"

Angeweza kusema hakujua. Dada angeamini, pengine.

"Nililijua."

"Haya," dada akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Asubuhi waliondoka wawili. Shemeji, ambaye hakuwahi kukosa la kutania, alisema tu, "Chai iko kwenye chupa." Dada alikuwa ameshatangulia. Fundi akakaa nje ya hema akiwafuatilia kwa macho: koti jekundu mbele, la kijivu nyuma, yakizidi kuwa madogo, mpaka yakafika pale chini ya ukingo.

Pale koti jekundu likasimama. Likainama. La kijivu likaharakisha kulifuata.

Fundi akaruka wima, na kabla hofu haijamfika, kilimfika kitu kingine: furaha. Ndogo, ya haraka. Kumbe hata yeye. Aliisikia waziwazi ndani yake, hakuna aliyemwona, na uso ukamwaka moto kana kwamba wote wawili kule juu wamegeuka kumtazama.

Hawakuwa wamegeuka. Dada alimaliza kufunga kamba ya kiatu, akakanyaga chini kuujaribu mguu, akampita mumewe na kupotelea ng'ambo ya ukingo.