Oili Kwenye Maji ya Asilkan

Mimi nina kiburi, na sioni sababu ya kukificha. Miaka thelathini na moja nafungua injini hapa Narin, mji wa milimani, na injini iliyowahi kunidanganya sijaiona bado. Kwa hiyo Alhamisi ile asubuhi, lori lilipoburuta gari la Asilkan hadi mlangoni kwangu, na yeye akashuka macho yamemvimba, nilikasirika kabla hajasema neno. Nilijua anatoka kwa Melis, fundi mwenzangu.

"Melis anasema hedi ya injini imekwisha," alisema. "Oili imeingia kwenye maji. Injini ya kutupa, nitafute nyingine."

"Kafungua nini mpaka akajua?"

"Kifuniko cha rejeta."

"Basi na mimi nikikufunua mdomo nitajua una mawe kwenye figo."

Hakucheka, na nilielewa kwa nini. Mumewe, rafiki yangu Taalai, alifariki miaka miwili iliyopita, akamwachia gari hilo la dizeli la viti saba. Asilkan akalishika mwenyewe, akawa anapeleka abiria mji mkuu, Bishkeki, juu ya mlima na kurudi, wanaume wakimcheka. Wakwe zake kule Ak-Talaa hawakupenda. Wazee walikaa kikao, na Asilkan akatoa neno mbele ya wote: gari likimlisha, atabaki mjini kwenye nyumba yake, gari likifa, atarudi kwa mama mkwe kukamua ng'ombe na kuwasha jiko.

"Shemeji Kubat anakuja Jumamosi na lori," alisema. "Kulivuta gari, na mimi na masanduku yangu."

"Nani kamwambia?"

"Narin nzima imeshamwambia, kaka Shamen."

Nilifungua rejeta. Ndani mlikuwa na uji wa rangi ya kahawia, mzito, unanata kidoleni. Mtu mvivu akiona hivyo anasema hedi, anakwenda kunywa chai. Mimi nilichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepungua karibu lita mbili, lakini ilikuwa nyeusi, safi, haina tone la maji. Nikamwaga ule uji, nikajaza maji ya moto, nikawasha injini kifuniko kikiwa wazi. Hakuna mapovu, na moshi wa nyuma haukuwa mweupe. Nikapima nguvu ya silinda moja baada ya nyingine. Zote nne zilikuwa sawa.

"Hedi yako ni nzima," nilimwambia.

"Una hakika?"

"Dada, gasketi ya hedi ikipasuka, gesi inapuliza kwenye maji, yanachemka kama birika. Hapa oili inakwenda kwenye maji, basi. Injini ikizunguka, pampu inasukuma oili kwa nguvu kuliko maji, kwa hiyo oili ndiyo inayovuka. Swali ni inavukia wapi."

"Na ikizimwa, maji hayarudi kwenye oili?"

Swali zuri. Melis hangeliuliza. "Jioni unamwaga maji?"

"Kila jioni, kama watu wote. Ndoo naingiza ndani, asubuhi napasha, narudisha."

Hiyo ndiyo kawaida yetu. Mwezi wa pili huku, maji yakilala ndani ya injini yanaganda na kuipasua, na dawa ya kuzuia barafu inayouzwa sokoni wengi hatuiamini. Gari la Asilkan lilikuwa linalala kavu, ndiyo maana oili yake ilibaki safi.

"Tena kwenye ndoo niliona duara za mafuta, siku kumi nyuma," aliongeza. "Nikajua mwanangu kachota supu kwa ndoo ya gari. Nikampiga kofi la bure."

Sasa palibaki mahali pamoja tu. Ubavuni mwa injini ile, nyuma ya filta, kuna kipoza oili, kisanduku cha chuma chembamba. Maji yanapita upande huu, oili upande ule, katikati ukuta mwembamba uliounganishwa kwa shaba ya kuyeyushwa. Nilikifungua mchana huohuo. Nikaziba matundu ya maji, nikaingiza upepo wa kompresa upande wa oili, nikakizamisha kwenye karai. Uzi wa mapovu ukapanda kutoka kwenye kona, polepole, bila kukatika.

"Njoo uone hedi ya Melis," nilimwita.

Asilkan aliinama juu ya karai, akatazama muda mrefu. Kisha akakaa chini juu ya tairi kuukuu na kulia kidogo, kilio cha mtu aliyepumua. Nami nilijisikia mkubwa kuliko mlima Dolon, nasema kweli.

Nilikipangusa kile kisanduku kwa kitambaa, nikitaka kuona kilipasukia nini. Kona ile ilikuwa imeungua. Chuma kilikuwa cheusi, pembezoni kimegeuka buluu, na ile shaba ya kuunganishia ilikuwa imetoka jasho na kuganda tena.

"Asubuhi unapasha injini kwa moto?"

"Wewe hupashi?"

Kila dereva wa hapa ana bomba lake la petroli linalotema moto. Oili ikiwa imeganda kama mafuta ya kondoo, unalaza bomba chini ya sampu, lile bakuli la oili, dakika kumi na tano, ndipo injini inakubali kuzunguka. Baada ya hapo unamwaga maji ya moto juu. Ukifuata mpangilio huo hakiharibiki kitu.

"Nionyeshe unaelekeza wapi."

Alichukua bomba langu, akapiga magoti kando ya gari, akaelekeza mdomo wake ubavuni, pale pale. Moto mkali juu ya kisanduku kikavu kisicho na tone la maji la kukipoza, kila asubuhi, majira ya baridi yote.

"Nani kakufundisha kupitishia ubavuni?" sauti yangu ilikuwa imepanda. "Taalai hakukufundisha hivyo. Moto unakwenda chini ya sampu!"

"Chini kuna bati," alisema taratibu. "Lile la kuzuia mawe. Ulilifunga wewe mwezi wa kumi."

Nililikumbuka lile bati. Chuma cha milimita tatu, bolti sita, kazi safi. Nililisifia mwenyewe mbele ya watu. Sikuacha tundu la moto. Mtu aliyezaliwa hapa, anayepasha gari lake kwa moto tangu ana ndevu tatu, alifunika sampu ya mjane bila kuacha tundu.

Sijui kama Asilkan alikuwa ameshaunganisha mambo au la. Mimi sikumsaidia kuunganisha. Nilisema tu kwamba kipoza kingine kinahitajika, nikavaa kofia nikatoka.

Kipoza kama kile kilikuwepo mahali pamoja tu mjini: kwenye gari bovu lililooza uani kwa Melis.

"Hedi umeikuta?" aliniuliza, akitafuna mbegu za alizeti.

"Nimeikuta nzima. Naomba kipoza oili cha lile fupa lako."

Alinitazama, akaacha kutafuna. Melis si mjinga, ni mvivu. "Chukua. Lakini ukirudi hapa kutamba, nitakutupia mbwa."

Nilikijaribu kwenye karai kabla ya kukifunga; hakikutoa povu hata moja. Ijumaa yote tulisafisha. Maji yanayochemka na sabuni ya unga ya mashine ya kufulia, ile isiyotoa povu jingi. Unawasha, unaacha themostati, ile vali ya joto, ifunguke, unamwaga, unarudia. Mara ya kwanza ilitoka supu, ya tatu ikatoka chai ya maziwa, ya sita yakatoka maji. Mipira ya maji iliyolegea kwa oili niliibadilisha yote, nikabadilisha oili na filta. Mwisho nililala chini ya gari, nikalikata bati langu, nikaweka kidirisha chenye bawaba. Asilkan alinishikia taa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema nipe spana ya kumi na tatu.

Jumamosi saa tatu asubuhi lori la Kubat liliingia uani. Kubat ni kaka mkubwa wa Taalai, mtu mpana, mpole, asiyependa kurudia maneno. Alinipa mkono, akaniuliza habari za nyumbani, mifugo na afya, kama inavyopasa, ndipo akamgeukia Asilkan.

"Shemeji, masanduku yako wapi?"

"Gari limepona, shemeji."

"Melis alisema limekufa."

"Melis alisema. Kaka Shamen alifungua."

Kubat alinitazama. "Lilikuwa na nini?"

"Kipoza oili kiliungua kwa bomba la moto," nilisema.

"Kiliunguzwa na nani?"

"Na mimi," alisema Asilkan. "Nilikuwa naelekeza ubavuni."

Kubat alitikisa kichwa polepole, hakuwa na furaha. "Unaona basi. Leo umeunguza hicho, kesho utaunguza abiria. Kazi hii haikuwa yako, shemeji. Hakuna anayekulaumu. Twende nyumbani."

Asilkan aliinamisha uso. Alikuwa anaanza kuyaamini maneno hayo, niliona.

"Kubat," nilisema, "kosa ni langu. Niliziba sampu kwa bati, sikuacha tundu. Moto wake haukuwa na pa kupita ila ubavuni. Nimelijua tangu juzi mchana, na nimeficha kama mwizi. Yeye hakukosea kitu. Mwanamke huyu amewasha injini iliyozibwa na fundi, kila asubuhi ya baridi hii, na hakuna siku abiria wake walichelewa."

Asilkan aliniangalia kwa jicho ambalo nitalilipia mwaka mzima.

"Utalitengeneza gari langu bure," aliniambia, "mpaka niseme basi."

"Mpaka useme basi."

"Na bado sijakusamehe." Akamgeukia shemeji yake. "Panda. Twende mpaka mlimani na kurudi, kisha ufungue rejeta mwenyewe. Ukikuta oili, nitapanda lori bila kusema neno."

Walikwenda saa moja na nusu. Waliporudi tulisubiri injini ipoe, Kubat akakataa chai. Alifunga leso nyeupe kidoleni, akafungua kifuniko, akachovya hadi kwenye fundo. Akaitoa, akaigeuza kwenye mwanga. Leso ilikuwa imelowa maji tu. Aliinusa, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Safi," alisema. Alisimama pale, mikono haijui iende wapi. "Tatizo ni mama. Ameshakutandikia godoro. Lile la hariri, la arusi yenu."

Asilkan alirudisha kifuniko cha rejeta, akakikaza kwa mikono miwili.

"Mwambie asilikunje," alisema. "Nitakuja kesho Jumapili na mtoto, kwa gari langu. Jumatatu alfajiri nina abiria."