Kitabu cha Vikomo

Jumatatu ya pili ya Juni, mwaka 1995, Nasiha aliketi mbele ya kompyuta katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, ghorofa ya pili, Ganjoni, akaanza kuandika kitabu cha vikomo. Mashine kubwa ilikuwa moja tu, imefungiwa chumba cha baridi, na makarani wote waliitumia kupitia vioo vya kompyuta mezani pao. Kazi moja iliyopewa mashine ikiingia uroho hukamata nguvu zote za mashine, ofisi nzima ikakaa mikono mitupu kama wageni wasioletewa kahawa. Fundi alikuwa ameshaiwekea kila kazi vikomo: ifungue faili ngapi kwa pamoja, iende dakika ngapi. Kilichobaki ni mtu wa kuyaeleza hayo kwa Kiswahili.

Kenga, karani wa meza ya jirani, alisoma ukurasa wa kwanza akaurudisha.

"Dada Nasiha, hii kazi ni nani? Mimi sijamwona."

Hapo ndipo Nasiha alipofanya kosa la mtu aliyelelewa Mji wa Kale. Babake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na alimfundisha kwamba somo halikai kichwani bila mfano wa mtu unayemjua. Basi akaandika majina. Tuseme Kenga ni kazi: afungue faili sita, aende dakika arobaini. Kwa Bwana Zein, mwenye ofisi, kalamu ilisita. Kumpimia mtu mzima ni utovu wa adabu. Akaandika, hana kikomo. Kisha, kwa kuwa mtu hajipakulii kingi mbele ya wenziwe, yeye mwenyewe akajiandikia faili tatu.

Kitabu kiligawiwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi Kenga alitaka kufungua faili ya saba, ya karatasi, mezani pake, jalada likakataa. Akafunga moja, ya saba ikafunguka. "Aa, ndio ukurasa wa nne," akasema, akaendelea. Dakika ya arobaini ilipotimia aliganda katikati ya neno, kalamu hewani, na hakwenda tena mpaka Nasiha alipomsalimu upya tangu mwanzo: hali yake, mkewe, watoto, mbuzi wa mamake kule Kaloleni. Wiki ya pili salamu hizo zilikuwa zimeshaingizwa kwenye ratiba. Bwana Zein, kwa upande wake, alifungua faili zote za ofisi kwa mpigo, akazitandaza mpaka kwenye ngazi, akatoka kwenda kula chakula cha mchana hadi Jumanne.

Nasiha aliishi na faili zake tatu bila kinyongo. Mkono uliotaka ya nne ulirudi wenyewe mapajani. Lakini ukurasa wa tisa ulisema kwamba kazi ikizaa kazi nyingine, mtoto hurithi vikomo vya mzazi. Nyumbani, binti yake Swabaha, wa darasa la nane, aliyekuwa na hamu ya udaktari, alikuwa akihangaika na mkoba wake wa shule.

"Mama, kitabu cha jiografia hakifunguki."

"Umefungua vingapi?"

"Vitatu."

Moyo ulimuuma Nasiha, ukamuuma kweli. Alijinyima kwa hiari yake, lakini mtoto hakuulizwa na mtu. Akaufungua ukurasa wa kumi, ingawa alikuwa anaujua kwa moyo: mtu aweza kujishushia kikomo mwenyewe, kukipandisha tena ni mwenye mashine peke yake. Asubuhi yake akaenda kwa mwenye mashine, Bwana Zein, akipita baina ya faili kwa ncha za vidole.

"Ami, salaam alaikum. Nimekuja na haja. Nataka uniongeze kikomo, hata kumi tu. Si kwa ajili yangu, ni mwanangu."

Bwana Zein alikuwa mtu mwema. Haki yake asinyimwe. Alimwagizia chai, akakisifu kitabu, akasema ofisi haijapata kuwa na nidhamu kama hii.

"Lakini mwanangu, hicho kikomo mbona mimi sikioni? Tangu asubuhi nimefungua faili mia mbili, wala sikuzuiwa na kitu. Huenda ni nyinyi mwafanya pupa."

"Huzuiwi, ami, kwa sababu niliandika huna."

"Na uliandika kweli," akasema Bwana Zein. "Sasa kweli waifutia nini?"

Akamwomba aongeze sura ya wafagizi na walinzi. Riyadh, mwana wa Bwana Zein, aliyekuwa darasa moja na Swabaha, wakati huo alikuwa amefungua madaftari arobaini, yote meupe.

Mtihani wa darasa la nane, kila somo, una karatasi ya maswali na karatasi ya majibu, jumla mbili, kwa hiyo Swabaha alipasi kuliko wote darasani. Walimu walimpa mkono. Kenga alileta madafu. Januari ikaja barua ya sekondari na orodha ya masomo kumi na moja. Na somo la sekondari, kama ijulikanavyo, likifunguliwa kidato cha kwanza halifungwi mpaka kidato cha nne.

Swabaha aliiweka orodha mezani, akachukua kalamu na rula.

"Mama, nishike yapi matatu?"

Nasiha aliisoma orodha mara mbili. Udaktari peke yake ulitaka sita.

"Kiingereza," akasema. "Hesabu." Akashusha kidole mpaka chini ya orodha. "Na dini."

Swabaha akaanza kuyakata manane yaliyobaki, mstari mmoja mmoja. Alipofika kwenye biolojia rula iliteleza kidogo, akaurudia mstari upate kunyooka.