Taa ya Oili

Jambo la kwanza aliloliona Kimya lilikuwa dogo, dogo kiasi cha kupanguswa pamoja na vumbi. Alikuwa akipanga chupa za oili kwenye rafu ya dirishani, pale jua la mchana linapopiga moja kwa moja. Mkono mmoja ulishika chupa iliyojazwa kutoka pipa jipya, na mwingine ukashika chupa ya zamani iliyosahaulika nyuma ya rafu. Zote zilikuwa zimepashwa moto na jua lile lile. Alipoziinamisha, oili ya zamani ilijivuta taratibu, kama mtu anayeamshwa usingizini. Ile mpya ilikimbia. Ilipiga upande wa pili wa chupa kwa sauti, kama maji.

Asubuhi, kabla jua halijaingia, alizijaribu tena. Zilikuwa nzito sawasawa. Hapo ndipo wasiwasi ulipomshika vizuri, maana asubuhi ndiyo saa ambayo wateja walikuja, wakachovya kidole, wakaisugua oili kwa gumba na kuridhika.

Duka la vipuri lilikuwa la baba yake mdogo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bosi. Zamani aliuza oili za makampuni yenye majina. Kisha akaja mtu mmoja mwenye lori na maneno laini, akamuuliza kwa nini auze jina la wenzake wakati ana lake. Tangu siku hiyo mapipa yakawa yanashushwa uani, Kimya na mama yake wanajaza chupa kwa pampu ya mkono, na kila chupa inabandikwa lebo yenye picha ya Bosi mwenyewe, amevaa koti, anacheka. Pipa la kwanza lilikuwa zuri. La pili nalo si haba. Yaliyofuata, hakuna aliyejua kilichokuwa ndani. Labda hata yule aliyeyaleta hakujua.

Lakini watu waliujua ule uso, na ulikuwa uso wa mtu mwema. Bosi alipomzika kaka yake, baba yake Kimya, aliwachukua mjane na watoto, akawapa vyumba viwili nyuma ya duka, na hajawahi kuwasimanga hata kwa utani. Kimya alikuwa bado msichana wa shule ya msingi. Hakurudi tena darasani, na mdomo wake, ambao tangu utotoni ulikuwa mzito, ukazidi kuwa mzito. Jina lake la utani lilitoka huko. Alizoea kuliitikia kwa kichwa.

Kaka yake Kimya alikuwa na urithi mmoja tu: pikapu ya marehemu baba yao. Aliipangusa kama mtu anavyompangusa mtoto pua. Ilibeba saruji, makochi, magunia, chochote kilichokubali kufungwa kamba, na kaka alitembea mtaani kama mtu mwenye kazi yake.

"Kimya, nipe oili ya ukoo," alisema asubuhi moja, akiegemea kaunta.

Kimya alisita. "Kaka, labda uchukue ile ya kampuni. Imebaki moja."

"Kwa nini?"

"Hii… ni nyepesi."

Kaka alifungua chupa, akachovya kidole, akasugua. "Nyepesi? Hii ukimpaka mtu utosini haifiki shingoni mpaka jioni!"

Bosi akaangua kicheko. "Mwanangu, mdogo wako amekuwa fundi siku hizi. Kesho utasikia amefungua gereji."

"Tutamwita Fundi Kimya," alisema kaka. "Ukimuuliza gari lina nini, mtatazamana hapo mpaka magurudumu yaote kutu."

Walicheka. Kimya naye alicheka, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa njia fupi ya kutoka mbele yao.

Haukupita muda mrefu, taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka kwenye dashibodi ya pikapu. Asubuhi taa ilikuwa imetulia. Injini ikishapata moto na mlima ukawa mbele, taa ikawaka. Kaka alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaona imefika kwenye alama. Akaja dukani akikuna kichwa.

"Baba mdogo, taa inaniwakia."

"Oili ipo?"

"Imejaa."

"Sasa inataka nini tena? Gari la marehemu hilo, nyaya zimechoka. Taa za namna hiyo huongopa. Ing'oe, uendeshe kwa amani."

Kaka alitoka, akarudi na balbu ndogo kama punje ya hindi, akaiweka juu ya kaunta. "Nimeinyamazisha," alisema, na Bosi akampiga begani.

Kimya alikuwa ameketi uani, nyuma ya mapipa karibu na mlango wa duka, gundi vidoleni, lebo mapajani. Alisikia kila neno. Mtu mwingine yeyote angeiamini taa. Lakini kuiamini taa ile kulikuwa sawa na kusema kwamba uso unaocheka kwenye chupa unadanganya, na mwenye uso huo ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea baba yao. Kaka alipewa achague kati ya taa na damu yake, na hakuona hata kwamba kulikuwa na cha kuchagua.

Pikapu ilifia mlimani mchana kweupe, na mzigo wa vitanda mgongoni. Ilivutwa kwa kamba hadi gereji. Fundi alipoifungua injini, alikuta tope jeusi mahali pa oili. Beringi zimelika, chuma kimetafuna chuma.

"Hii haikufa leo," alisema fundi. "Imelia siku nyingi. Taa haikukuwakia?"

Kaka aliitazama mikono yake. "Niliing'oa."

Neno hilo lilifika nyumbani kabla yake.

Wakakaa kikao sebuleni kwa Bosi. Shangazi alikuja akiwa ameshakasirika tangu njiani. "Mtu mzima, mwenye akili zake, anang'oa taa ya oili! Baba yako alilitunza gari lile kama yai. Wewe ulitaka nini, ikutumie barua?"

Kaka aliinua macho akamtazama baba yake mdogo, akangoja. Kimya, aliyesimama mlangoni na sinia la chai, naye alingoja. Bosi alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Vijana wana haraka," alisema hatimaye. "Yameshatokea. Tusimlaumu sana."

Hivyo akamsamehe mbele ya watu wote, na kaka, akiwa amekwisha samehewa, hakuwa tena na mlango wa kujitetea.

Kesho yake, uani, Kimya alijaribu. "Mama, kuhusu ile taa…"

"Nyamaza." Mama hakuacha kuzungusha pampu. "Hizi chupa nazijaza kwa mikono yangu. Unadhani sioni? Ukifungua mdomo, tutalala wapi?"

Siku chache baadaye alimkuta Bosi ameinamia gari lake mwenyewe, boneti juu, akimimina oili ya kampuni. Walitazamana. Bosi alifunga kifuniko polepole, akafuta mikono.

"Hili ni gari jipya," alisema. "Linachagua." Kisha, kwa sauti ya chini, "Yale mapipa uani ndiyo kila kitu nilicho nacho, binti yangu." Hakuonekana kama mwizi. Alionekana kama mtu ambaye maji yamemfika shingoni, na amesimama juu ya mabega ya wengine ili apate pumzi.

Wanunuzi wa vyuma chakavu waliikokota pikapu. Kaka alizunguka kutafuta gari la kuendesha, lakini kila alikogonga, jina lilikuwa limemtangulia: yule aliyeng'oa taa. Mwishowe akapata kazi ya kupakia mizigo kwenye malori, mbali, mahali ambapo hajulikani.

Siku ya kuondoka walisimama uani, kaka na begi lake begani. Bosi alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Huko uendako, wakikukabidhi gari, usiguse taa za watu. Umesikia?"

"Nimesikia, baba mdogo. Sirudii tena."

Alisema bila uchungu wowote. Kimya alimtazama usoni akatafuta hasira, hata chembe, asiione. Kaka alikuwa ameanza kuamini. Angekwenda na kosa hilo katika begi lake, angelala nalo, angezeeka nalo, na siku moja angewahadithia wanawe kama onyo.

Mama, upande wa pili wa ua, alimtikisia Kimya kichwa.

"Baba mdogo," alisema Kimya.

Sauti ilitoka nyembamba, na wote waligeuka kuangalia ni nani aliyesema.

"Ni wewe uliyemwambia aing'oe. Nilikuwa nyuma ya mapipa, nilisikia. Na oili yako ni mbovu. Hata wewe huiweki."