Mkono wa Mjamzito

Mwasiti aliingia wodi ya watoto njiti mjini Geita na chupa ya uji wa ulezi, akanawa mikono hadi viwikoni kama bango lilivyoagiza, akaketi. Raudha, mke wa mwanawe, alikuwa amembeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya kanga. Mtoto huyo alizaliwa kabla ya miezi saba kutimia, mzito kama mkate mmoja.

Kwao Masumbwe, Mwasiti alikwisha kueleza kwa nini uchungu ulikuja mapema: Raudha alitoka nje ya ndoa. Maelezo hayo hutosheleza watu wengi. Ilikubaliwa kwamba mwezi ukiandama, Raudha atarudishwa kwao Buseresere.

"Mama, nishikie mtoto nikaoge."

Mwasiti alifungua blauzi, akampokea. Punde pete yake ya ndoa ikavuka fundo la kidole, ikatambaa kifuani, ikatulia mgongoni mwa mtoto. Hapo ikapauka, ikawa nyeupe kama bati. Bangili mbili zikafuata.

Muuguzi Klara alikuwa akipita. "Bibi, hukuambiwa uvue dhahabu mlangoni? Watoto wa machimboni huvuta. Yule wa Serafina pale dirishani, wa wakulima wa Ushirombo, hata umvike mkufu, hausogei."

"Huvuta kwa nini?"

"Zebaki ikiingia mwilini haibadili kazi: hukamata dhahabu. Nani alikuwa akiikamua?"

Mwasiti aliifunika pete kwa kiganja. Mwalo wa kuoshea mchanga wa dhahabu ulikuwa wake. Wenye mialo husema mkono wa mjamzito hauachi punje. Kwa hiyo mimba ilipojulikana, yeye mwenyewe alimketisha Raudha mbele ya karai, akamfundisha kuchanganya zebaki na mchanga kwa viganja vitupu, kuikamua kwa kitambaa, kisha kuichoma juu ya jiko lile lile la ugali. Raudha alipolalamika kichwa kinamgonga, alimwambia wanawake wa siku hizi wameumbwa kwa maandazi.

Raudha alirudi, akazibandua bangili kama mtu abanduaye ukoko, akamkabidhi. Pete ilikataa.

"Mama," alisema pasipo kuinua macho, "ukifika nyumbani, utawaambia ni zebaki?"

"Kunywa uji, unapoa."

Masumbwe, majirani waliuliza pete iko wapi. Mwasiti alisema amemtunuku mjukuu. Walimsifu, mmoja akaongeza kwamba si kila mama mkwe angemtendea hivyo mtoto wa mashaka. Uso ulimwaka Mwasiti, akashukuru.

Kisha alikwenda mwaloni. Swaumu, mke wa mwanawe mdogo, mwenye mimba ya miezi mitano, alikuwa ameinamia karai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mwasiti alimkunjia mikono ya gauni ili isilowe, akamsogezea kigoda.