Tenti Nyekundu

Nani aliwatuma watu wa Membley kukodi tenti nyekundu? Katunge, mpiga picha wa sherehe, alijiuliza hivyo mara tu alipoona picha ya kwanza kwenye kamera yake. Nyuso zote zilikuwa zimeiva kama nyanya zilizochemshwa. Jua la saa saba lilipenya kitambaa na kumwaga wekundu juu ya kila kitu, hata ugali ukaonekana wa waridi. Na wenye tenti walikuwa wanakula tu, hawana habari.

Ingekuwa picha ya keki, angeipiga hivyo hivyo akairekebishe kwake Mwihoko. Lakini wekundu wa namna ile ukishaingia ngozini hautoki, na asubuhi Mama Wilkister alikuwa amemshika mkono jikoni. Mama huyo ndiye aliyekuwa anaagwa, anarudi kijijini Vihiga kuishi huko moja kwa moja. Alimwambia picha nyingine apige apendavyo. Yeye alitaka moja tu, ya wanawe wawili, Tobias na Jeconia, wakiwa pamoja. Ndugu hao hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya baba yao. Leo wamekubali kukaa karibu kwa ajili ya mama, na picha hiyo angeitundika sebuleni aione kila akiamka.

Basi Katunge akawaita. Tobias akakaa kulia kwa mama, Jeconia kushoto, kila mtu na upande wake anaoutazama. Akapiga. Nyanya tena. Akawaonyesha picha ili waelewe, akawaomba watoke nje. Tobias akasema jua litamchoma mama. Jeconia akasema yeye aliitwa kukaa, si kuzungushwa. Katunge akawasha flashi, mwanga ukagonga paa la tenti ukarudi mwekundu zaidi. Akafunga filta ya buluu mbele ya lenzi, wakageuka zambarau kama watu waliokosa hewa. Ai, kazi gani hii? Enzi za filamu ungebonyeza, ukaomba Mungu, majibu ukayafuata Thika mjini wiki ijayo. Sasa kioo kiko hapo nyuma ya kamera, kinakuumbua papo hapo.

Akabaki na njia moja, kuifundisha kamera weupe ni upi chini ya tenti ile. Akachukua karatasi ya ratiba, akageuza upande usioandikwa, akaipiga picha, akaingia kwenye menyu. Kamera ikakataa. Karatasi ilikuwa na kivuli. Akasonya, akarudia, ikakataa tena. Jasho likamtiririka mgongoni. Mbele yake watu wakaangua kicheko, lakini hakuinua macho, maana kamera ilikuwa imekubali hatimaye na karatasi imetoka nyeupe pepepe.

Alipoinua kichwa, Tobias alikuwa anapangusa machozi ya kucheka, na mkono wa Jeconia ulikuwa unateremka kutoka begani mwa kaka yake. Wakaiona lenzi, wakajinyoosha. Katunge akapiga, akawaomba wacheke tena kidogo tu, jamani. Hakuna aliyecheka. Jeconia akaangalia saa, akainuka, na Tobias akaenda zake kutafuta soda.

Selpha, mke wa Tobias, ndiye aliyemweleza kilichotokea. Mama aliikumbuka ile picha ya nyanya, akawaambia wanawe wamefanana na ile Jumapili walipoiba lipstiki yake wakajipaka uso mzima, wakaenda nayo kanisani. Katunge alitamani kuitupa kamera kwenye sufuria ya pilau. Ule wekundu aliopigana nao saa nzima ndio uliowachekesha.

Alimpelekea mama picha ile ya mwisho. Ngozi ilikuwa ngozi, shati jeupe lilikuwa jeupe, na wanaume wawili walikuwa wamekaa kama wanangoja daktari. Mama aliitazama.

"Rangi imekaa vizuri," alisema. "Na ile walipokuwa wanacheka?"

"Hiyo sikuipata, mama. Nilikuwa natengeneza rangi."

Mama akamrudishia kamera taratibu.

"Basi hii wape wao, mwanangu. Mimi nilikuwa nawaangalia wakicheka."